Mpangilio Nao Una Kwao

Katika ofisi yetu herufi D huchora mstari. Ukiifungua AutoCAD, programu yetu ya kuchorea majengo, kama ilivyotoka kwa walioitengeneza, D hukuletea dirisha la mitindo ya vipimo, na anayetaka mstari hubonyeza L. Lakini mchoraji wetu mkongwe, ambaye wote tunamwita Mzee, hauondoi mkono wa kulia kwenye mausi ila kwa kikombe cha chai. Amri anazozitumia kutwa nzima alizihamishia zote upande wa kushoto wa kibodi: D ni mstari, W ni mstari sambamba, Q ni kusogeza, R ni kukata mabaki. Mkono wa kushoto huongea na mashine, wa kulia huonyesha mahali, na macho hayashuki kamwe kutoka kwenye skrini.

Halafu mashine yake ikabadilishwa.

Haikuwa anasa. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali kukaa rasmi kwenye kompyuta isiyo na TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, au, kwa kawaida, yenye prosesa ya Intel iliyotangulia kizazi cha nane. Mashine zetu nyingi zilikuwa zimevuka umri huo zamani. Mkubwa wa ofisi akazunguka mjini, akarudi na ex-UK, kompyuta zilizokwisha kutumika Uingereza, zilizokuwa bado na alama za stika za ofisi zilikotoka, safi, zenye kasi, na zisizojua lolote kuhusu sisi.

Mzee akaketi, akafungua mchoro wa maisoneti za Ruiru, akabonyeza D. Likatokea dirisha la mitindo ya vipimo. Akalifunga. Akabonyeza W, likatokea dirisha la kuhifadhi bloku, yaani kipande cha mchoro cha kutumiwa tena, kama faili. Akavua miwani.

“Kijana wangu, hii mashine haijui kazi.”

“Mzee, bado haijafundishwa.”

“Basi ifundishe. Mimi niko kwa mama wa chai.”

Wanaoisoma blogu hii wanajua kwamba mimi ni mchoraji, si fundi wa kompyuta. Ila kila ofisi ndogo Nairobi ina mtu mmoja ambaye akishaonekana akitengeneza printa, basi kila kitu chenye waya huwa chake. Kwetu mtu huyo ni mimi, kwa hiyo nitaeleza jinsi nilivyokuja kuielewa kazi hii ya kuhamisha mipangilio, kwa sababu maelezo mengi niliyoyapata yalikuwa na hatua za kubonyeza na hayakuwa na sababu. Ukizijua hatua bila sababu, mashine ya kwanza itakubali na ya pili itakukatalia, nawe utabaki umeitolea macho.

Swali la kuuliza ni moja tu, na linaulizwa kwa kila kitu unachotaka kukihamisha: hiki kwao ni wapi? Mipangilio ya programu ya kuchorea haikai mahali pamoja. Mingine imo ndani ya mchoro wenyewe. Mingine imo katika mafaili yaliyotawanyika kwenye diski. Mingine imo katika rejista, ghala la ndani la mipangilio ya Windows, ambamo hakuna mchoraji anayeingia kwa hiari. Mambo matatu ambayo kwenye skrini yanafanana kabisa yanaweza kuwa na makao matatu tofauti, na hapo ndipo watu hupotea.

Kwanza nimalize njia rahisi, maana ipo na inafanya kazi. Ukienda kwenye menyu ya kuanzia ya Windows, ndani ya folda ya AutoCAD utakuta kitu kinachoitwa Export AutoCAD Settings, na mwenzake wa kuingiza. Cha kwanza hukusanya mipangilio yako na kuifunga katika faili moja la zipu. Unalibeba kwa flashi hadi mashine mpya, unaliingiza kwa cha pili, imekwisha. Kama mashine zote mbili zina toleo lilelile na mafaili yako yamekaa pale programu ilipoyaweka, hapa unaweza kuacha kusoma na kurudi kazini.

Sharti la toleo lilelile si la mzaha. Zipu ya AutoCAD 2024 haiingii katika 2025. Ipo njia nyingine ya kupandisha mipangilio kutoka toleo la zamani hadi jipya, lakini hiyo hutazama toleo la zamani lililo kwenye mashine hiyohiyo, na mashine yetu mpya haikuwa na la zamani. Mzee alikuwa anatoka 2024 kwenda 2025. Njia zote mbili zikawa zimefungwa kwake, ikabidi tufanye kwa mkono. Sijutii, kwa sababu kwa mkono ndipo nilipoona ni vitu vingapi tulikuwa tunavibeba bila kuvijua.

Watu wengi hudhani kwamba kwa kuwa leseni siku hizi hufuata akaunti, basi na mipangilio hufuata. Unaingia na barua pepe yako kwenye mashine yoyote, programu inakutambua kwa jina, inakukaribisha. Inakukaribisha mikono mitupu. Mafaili yako binafsi yamo kwenye folda iliyofichwa ya AppData chini ya jina lako la Windows, ndani ya Roaming, ndani ya Autodesk, kisha toleo, kisha namba kama R24.3 kwa 2024 au R25.0 kwa 2025, kisha folda ya lugha, kisha Support. Folda hiyo haionekani mpaka uiambie Windows ikuonyeshe vilivyofichwa, au uandike %appdata% kwenye kisanduku cha anwani. Ofisi ngapi zimefuta mashine nzima, zikiwa zimenakili kwa uangalifu folda ya Documents na picha za harusi, na kuiacha hiyo?

Herufi za Mzee zinakaa humo, katika faili liitwalo acad.pgp. Ni maandishi matupu, unaweza kulifungua kwa Notepad. Kila kifupisho kina mstari wake: herufi, koma, nyota, jina la amri. D, *LINE. Basi. Kishawishi ni kulichukua faili lote la zamani na kulifunikia jipya. Usifanye hivyo. Toleo jipya huweza kuja na vifupisho vyake ambavyo la zamani halina, na ukilifunika unavifuta. Waliolitengeneza walifikiria jambo hili: mwishoni mwa faili kuna sehemu iliyoachwa kwa ajili ya vifupisho vya mtumiaji, na programu husoma kutoka juu kwenda chini, kifupisho kikijirudia kinachoshika ni cha mwisho. Kwa hiyo kinachohamishwa ni mkia tu. Mkia wa Mzee haukujaa hata ukurasa. Nikaubandika, nikaandika REINIT, nikaweka alama kwenye kisanduku cha faili la PGP ili lisomwe upya bila kufunga programu, na D ikachora mstari.

Mzee aliporudi alijaribu herufi zake, akaguna, akavaa miwani. Nilidhani tumemaliza.

Kisha akaandika jina la amri ambayo haimo katika AutoCAD yoyote. Ni amri ya kuandika eneo la chumba katikati ya chumba kwa mita za mraba, na iliandikwa miaka mingi iliyopita kwa AutoLISP, lugha ya kuandikia amri zako mwenyewe ndani ya AutoCAD, na mtu aliyekwisha kuondoka ofisini. AutoLISP ilianza kuonekana ndani ya AutoCAD mwaka 1986, na uzuri wake ni kwamba vijifaili vya zamani bado vinaendeshwa leo bila kuguswa. Sioni programu nyingine mezani kwangu inayoheshimu wazee kiasi hicho. (Waliokuwa kwenye AutoCAD LT, ile ndogo ya bei nafuu, walinyimwa raha hii mpaka LT 2024, ndipo nao wakafunguliwa mlango.)

Vijifaili hivyo vya Lisp huitwa na faili linaloitwa acaddoc.lsp, ambalo husomwa kila mchoro unapofunguliwa, tofauti na acad.lsp ambalo kwa kawaida husomwa mara moja programu inapoanza. Kunakili ni rahisi. Kinachosumbua ni kwamba mashine mpya itakuuliza kama unaiamini folda vilimo, na itakuuliza kila asubuhi mpaka mtu achoke na kuzima ulinzi wote kwa kuweka SECURELOAD iwe sifuri. Nimeiona sifuri hiyo katika ofisi nyingi. Naelewa uchovu unaoileta, lakini kuna sababu swali linaulizwa. Mwaka 2012 kampuni ya ESET iligundua mnyoo, yaani programu hasidi inayojisambaza, walioupa jina ACAD/Medre.A, ulioandikwa kwa AutoLISP hiyohiyo, ambao ulikuwa unanakili michoro ya watu na kuituma kwa barua pepe hadi akaunti zilizokuwa China. Waathiriwa wengi walikuwa Peru. Ulisafiri kwa namna ambayo kila mchoraji wa Nairobi ataitambua: mtu anakutumia folda ya mradi, ndani mna michoro na kijifaili kimoja chenye jina la kawaida tu, unafungua mchoro, kijifaili kinasomwa. Mradi wa mteja wako umeshasafiri kabla hujamaliza kupima ukuta.

Dawa ni TRUSTEDPATHS, kigezo kinachoorodhesha folda unazoziamini. Weka folda moja ya ofisi, iandike humo, na swali halitaulizwa tena kwa vilivyo ndani yake. Vinavyotoka nje vitaendelea kuulizwa, kama inavyostahili.

Sasa karatasi. Mzee alianza kazi kwenye ubao wa kuchorea, karatasi ya kupenyeza mwanga na kalamu za wino. Kalamu hizo zilikuja kwa unene uliopangwa: milimita 0.13, 0.18, 0.25, 0.35, 0.5, 0.7, na kuendelea, na kila moja ilikuwa na rangi yake ya kuitambulisha: 0.18 nyekundu, 0.25 nyeupe, 0.35 njano, 0.5 kahawia, 0.7 buluu. Namba hizo si za kubahatisha. Kila unene ni ule uliotangulia mara kipeuo cha pili cha mbili, yaani mara 1.4 takriban, sawa na jinsi upande wa A3 unavyouzidi wa A4, ili mchoro ukikuzwa daraja moja la karatasi, mstari wa 0.25 uwe 0.35 na bado uwe na kalamu yake. Mzee anaijua hesabu hii kwa vidole. Katika AutoCAD mrithi wa kisanduku kile cha kalamu ni faili la CTB: orodha ya rangi 255, kila rangi imepewa unene wa kuchapishwa. Kuta zilizokatwa ofisini kwetu ni rangi fulani na hutoka nene, samani ni rangi nyingine na hutoka nyembamba, na vyote hutoka kwa wino mweusi.

Mchoro haulibebi faili la CTB. Unabeba jina lake tu. Ukifunguliwa kwenye mashine isiyo nalo hautapiga kelele: utaonekana sawasawa kwenye skrini, na ukiuchapisha mistari itatoka kwa rangi za skrini na kwa unene wa kawaida, ambao usipobadilishwa ni 0.25 kila mahali. Ukuta, kitanda, bomba la maji, vyote 0.25, na vilivyo vya njano havisomeki kwenye karatasi nyeupe. Mtu akipeleka faili la namna hiyo kwa wachapishaji wa mjini, A1 kadhaa, atalipia kila moja. Ndiyo maana siku hizi hatupeleki tena mchoro wenyewe. Tunatengeneza PDF ofisini, tunaikagua, ndiyo inayotoka mlangoni. Kaunti nayo hupokea maombi ya kibali kwa mtandao, kwa hiyo PDF ingehitajika hata hivyo.

Pamoja na CTB kuna mafaili ya PC3, ambayo ni ya printa na plota (printa ya karatasi kubwa), na PMP, ambayo huhifadhi ukubwa wa karatasi uliojitengenezea. PC3 ya plota hukumbuka draiva ya mashine ilikotengenezewa. Mashine mpya isipokuwa na draiva hiyo, faili litafika salama na halitafanya kazi. Hapa sina ujanja wa kukupa: sakinisha draiva kwanza, tengeneza PC3 upya, hutachukua muda mwingi kuliko kubembeleza ya zamani.

Mpaka hapa nimezungumzia vitu ambavyo kukosekana kwake kunaonekana. Kilichonitisha ni kile ambacho hakionekani.

Tulipokea kutoka kwa mpima ardhi faili la ploti ya hamsini kwa mia. Kwa msomaji asiye wa Kenya: hapa ardhi ya kujenga huuzwa kwa futi, 50 kwa 100, na wauzaji huiita thumni ya ekari ingawa thumni kamili ni futi za mraba 5,445 na hiyo ni 5,000. Mpima ardhi huichora kwa mita, kwa hiyo inakuwa 15.24 kwa 30.48. Sisi wa majengo tunachora kwa milimita. Katika mashine ya zamani, ukiliingiza faili la mpima ardhi kama bloku, ploti ilikuwa inajikuza yenyewe mara 1,000 na kukaa sawasawa, na hakuna aliyewahi kujiuliza kwa nini. Katika mashine mpya ploti haikuonekana. Mzee akakuza, akakuza, akaikuta pembeni mwa asili, pale vipimo vinapoanzia sifuri: milimita 15 kwa 30. Maisoneti nzima ilikuwa imesimama juu ya ploti inayoenea kwenye kidole gumba.

“Wamekuuzia hewa,” mmoja wetu akasema, na kwa Nairobi huo ni utani wenye uchungu.

Maelezo yake ni haya. Mchoro hubeba ndani yake kigezo kiitwacho INSUNITS, kinachosema vipimo vyake ni vya aina gani: 4 ni milimita, 6 ni mita, na 0 ni “sisemi.” Faili la mpima ardhi lilikuwa na 0. Likiwa na 0, programu haina budi kukisia, na inakisia kwa kutazama kigezo kingine, INSUNITSDEFSOURCE, ambacho hakimo ndani ya mchoro hata kidogo. Kimo katika rejista ya mashine. Kwenye mashine ya zamani kuna mtu, sijui yupi na sasa haijalishi, aliyewahi kukiweka kiwe mita. Kwenye mpya kilikuwa milimita. Mchoro uleule, faili lilelile la mpima ardhi, mikono ileile, na jibu linalotofautiana mara elfu moja kwa sababu ya swichi iliyo katika chumba ambacho hakuna anayeingia.

Kosa la mara elfu moja ni afadhali, kwa sababu linaonekana. Fikiria mashine iliyosakinishwa kwa inchi. Fikiria mita na futi vikichanganywa kwenye kitu kidogo, ngazi au dirisha, ambapo jicho linaweza kukubali. Tangu siku hiyo nikipokea faili la nje, kitu cha kwanza ninachofanya ni kuandika INSUNITS na kuona limesemaje. Likisema sifuri nalirekebisha humo humo kabla halijagusa mchoro wetu, na kumpigia aliyelituma.

Ni vizuri kujua vigezo vingine vinaishi wapi. LTSCALE, inayotawala ukubwa wa vistari katika mistari ya nukta, imo ndani ya mchoro. MIRRTEXT, inayoamua kama maandishi yatageuka nyuma-mbele ukiakisi, nayo imo ndani ya mchoro. Ukitaka hizo ziwe sawa mashine mpya, husumbuki na rejista. Unazipanga katika templeti ya ofisi, faili la DWT, na kila mchoro mpya utazaliwa nazo. Lakini OSMODE, inayokumbuka ni ncha zipi mausi inazinasa, imo katika rejista. Ukubwa wa msalaba wa mausi, rejista. Folda za kutafutia mafaili, rejista pia.

Rejista hubebwa kwa profaili. Unaandika OPTIONS, unakwenda kwenye kichupo cha mwisho, unatoa profaili yako kama faili la ARG, unaliingiza upande wa pili. Na ARG ndiyo inayowadanganya wengi, kwa kuwa inaingia bila lawama na bado nusu ya vitu havipo. Kuhama kwa ARG ni sawa na kuhama nyumba Kayole kwenda Rongai: mkokoteni unabeba kitanda, meko na kabati, lakini duka lililokuwa linakukopesha unga halipandi mkokoteni. ARG imeandika kwamba templeti ziko kwenye folda fulani na CTB ziko kwenye folda fulani. Folda zenyewe haizibebi. Na anwani hizo mara nyingi zina jina la mtumiaji wa Windows ndani yake, C:\Users\fulani, na kwenye mashine mpya fulani ameandikwa kwa jina lingine.

Faili la ARG ni maandishi, kwa hiyo unaweza kulifungua na kubadilisha anwani zote kwa mkono. Nilifanya hivyo kwa mashine ya Mzee. Kwa zilizofuata nilikataa, nikabadilisha mpango.

Kila mashine sasa ina folda iitwayo C:\CAD. Haina jina la mtu, haimo ndani ya AppData, haina nafasi katika jina lake. Ndani yake kuna Lisp, templeti, CTB, fonti za SHX, hachi (michoro ya kujazia maeneo, kama ukuta wa mawe), na bloku zetu. Kwa kuwa anwani ni ileile kila mashine yenye toleo lilelile, ARG moja inaingia kote bila kuguswa. Folda hiyo imewekwa ya kwanza katika orodha ya kutafutia, na hilo lina maana: AutoCAD hutafuta kwa zamu na hushika faili la kwanza lenye jina inalolitaka. Ukitaka kujua imeshika lipi, andika kwenye mstari wa amri (findfile "acad.pgp"), pamoja na mabano, na itakujibu kwa anwani kamili. Kamba hiyo ndogo imenimalizia mabishano mengi ofisini.

Mtu atauliza kwa nini tusiiache folda kwenye seva tu, mashine zote zisome huko. Ofisi kubwa hufanya hivyo na sina ubishi nazo. Sisi tuko kwenye jengo ambalo stima hupotea, ikirudi seva huchukua muda wake kuamka, na kompyuta zenye UPS zikiwa zimebaki hai hugeuka kutafuta folda ambayo haipo. AutoCAD isiyoona folda zake huanza polepole sana na huanza bila adabu. Kwa hiyo nakala mama iko kwenye seva, na kila mtu akiingia Windows asubuhi robocopy, amri ya Windows ya kunakili, huinakili kwenye C:\CAD yake, ikiburuta kilichobadilika tu. Stima ikipotea saa tano, kazi inaendelea na vilivyonakiliwa saa mbili.

Swali gumu halikuwa la kiufundi: herufi za Mzee ziingie katika C:\CAD ya wote? Nilisema hapana, na bado nasema hapana. Unene wa kalamu ni wa ofisi. Karatasi mbili za mradi mmoja zikitoka tofauti, mteja ataona. Herufi ni za mwenye mkono. Kijana wa mafunzo akifika akakuta D inachora mstari, atafundishwa hapa kitu ambacho kitamwaibisha ofisi ya pili. Mzee ana folda yake ndogo, inayotafutwa kabla ya ile ya wote, yenye acad.pgp yake. Nilipomweleza alisema tu, “Mimi sijawahi kumlazimisha mtu.” Mwenzetu mmoja, hata hivyo, ameshaziomba herufi hizo, na anazitumia.

Kuhusu riboni na vitufe nitasema machache. Vimo katika faili la CUIX, ambalo kwa kweli ni zipu yenye picha na maelezo ndani. Usilinakili faili kuu la toleo la zamani juu ya jipya. Fungua CUI, nenda sehemu ya kuhamisha, buruta vitufe vyako tu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Watu wengi wakifanya zoezi hili hugundua kwamba kati ya vitufe vyote walivyojitengenezea wanavitumia viwili.

Mashine za zamani sikuzifuta mara moja, na huu ndio ushauri ambao ningeusisitiza kwa ofisi yoyote. Kuna vitu ambavyo havikosekani mpaka vihitajiwe. Hachi ni mfano. Mchoro uliokwisha kujazwa hachi huendelea kuionyesha hata kwenye mashine isiyo na faili lake, kwa hiyo miradi yote ya zamani ilifunguka vizuri, na tukaridhika. Wiki kadhaa baadaye Mzee akaanza mwonekano wa mbele wa nyumba mpya, akataka ukuta wa mawe ya Ndarugo, hachi yetu wenyewe yenye vipimo vya jiwe na saruji katikati, na orodha ikawa haina jina hilo. Lilikuwa faili la PAT katika folda ambayo hakuna orodha yetu iliyoitaja, kwenye mashine iliyokuwa bado chini ya meza na karatasi ya “usiguse” juu yake. Nikaiwasha, nikalichukua nikihakikisha jina la faili linabaki sawa na jina la hachi iliyo ndani, maana vikitofautiana AutoCAD hailitambui, nikaliweka kwenye nakala mama. Kesho yake kila mashine ilikuwa na mawe ya Ndarugo.

Mashine ile bado iko chini ya meza. Mkubwa ameuliza kama inaweza kupelekwa Luthuli, mtaa wa maduka ya elektroniki, ikauzwe, na nimemwambia tusubiri kwanza mradi wenye bwawa la kuogelea.